Gawa neti yako eria mapema, usisubiri mvua

Jamani hili limenikaa rohoni tangu mvua za mwaka jana. Kuna neti moja niliitwa kuicheki hapa Tabora, ruta (vile vifaa vinavyoelekeza data ipite njia gani) kama 140 hivi, mjini, Urambo, Kaliua, Nzega, Igunga, zote zinatumia OSPF, ile lugha ya ruta kuambiana njia, na badala ya kugawanywa kwenye eria, yaani makundi, zote zimetupwa eria sifuri peke yake. Mvua ilipoanza redio ya mnara mmoja huko Kaliua ikawa inashika inaachia, nimekaa naangalia skrini, sekunde 40 zinapita bila salamu kutoka ruta ya upande wa pili, huyo jirani anafutwa, dakika moja karudi, anafutwa tena, na karuta kadogo ka Igunga ambako hakana shida yoyote na Kaliua prosesa imefika asilimia 98 na watu wa pale wanapiga simu neti imekufa.

Sababu ni kwamba kwenye OSPF kila ruta ndani ya eria inabeba ramani ile ile nzima. Laini moja ikikatika habari inasambaa kwa wote na kila mmoja anapiga upya hesabu ya njia fupi, ile ambayo Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta Mholanzi, aliibuni 1956 akiwa amekaa kwenye mgahawa Amsterdam. Hesabu ni nzuri sana, mi naipenda mpaka leo, ila kuwapigisha ruta 140 kila redio ya Kaliua ikilowa huko ni kuwaonea.

Angalia reli yetu. Anayetoka Mwanza kwenda Kigoma anachotakiwa kujua ni kufika Tabora stesheni, mambo ya Nguruka na Uvinza atayakuta huko mbele. Eria sifuri ndo hiyo Tabora stesheni, eria zingine zote zinakutania hapo.

Sasa wengi wanagawa eria halafu wanaishia hapo hapo, kumbe anwani zimetapakaa, 10.1.7.0 iko Kaliua, 10.1.8.0 iko Nzega, 10.1.9.0 Kaliua tena, utazifupishaje hizo ziwe tangazo moja? Kila kijiji kikizima habari inavuka mpaka vile vile. Ipe Kaliua yote 10.30.0.0/16 yake, yaani anwani zote zinazoanza na 10.30, ruta ya mpakani kati ya eria yake na eria sifuri itangaze hiyo moja tu basi, yanayotokea ndani yaishie ndani.

Vijana wananiambia bro ruta za sikuhizi zina nguvu, eria moja inabeba mamia. Kweli, zile kubwa za katikati zinabeba. Ila ile iliyofungwa ukutani kwenye ofisi ya kata sio hiyo, na hata zote zingekuwa kubwa bado sioni kwanini radi ya Kaliua imsumbue mtu wa Igunga.

Kubadilisha anwani kumetula wikiendi nne, usiku usiku, mojawapo tulikosea ruta ya mpakani tukakesha mpaka adhana ya alfajiri. Juzi mvua imepiga tena, ile redio ya Kaliua imeanza mchezo wake, nikafungua haraka ruta ya Igunga. Asilimia 4.