Hesabu nyuma ya mapenzi: kwa nini riwaya za enzi ya Austen hazizeeki

Katika chumba cha nyumba ya wageni mjini Bath, Kapteni Wentworth ameketi mezani anaandika. Hatua chache kutoka alipo, karibu na dirisha, Anne Elliot anajadiliana na Kapteni Harville nani hudumu kupenda zaidi, mwanamume au mwanamke. Miaka minane nyuma Anne na Wentworth walikuwa wachumba, uchumba ukavunjika. Sasa wamo chumba kimoja na hawawezi kuambiana neno, maana watu wapo na adabu hairuhusu. Wentworth anasikia kila asemalo Anne. Anachukua karatasi nyingine, anamwandikia, anaiacha barua pale na kutoka.

Sura hiyo ya Persuasion nimeirudia mara nyingi mno, na bado moyo hunienda mbio. Kitabu kilitoka Desemba 1817, miezi mitano baada ya mwandishi wake, Jane Austen, kufariki akiwa na miaka 41. Enzi anayoieleza ilikuwa fupi: kuanzia 1811 hadi 1820, Mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa wa akili na mwanawe akitawala Uingereza kwa niaba yake. Miaka tisa tu. Lakini miaka hiyo tisa imezaa aina nzima ya riwaya. Georgette Heyer aliipa sura yake katika karne ya 20, hasa tangu Regency Buck ya 1935. Julia Quinn akaanza mfululizo wa riwaya za familia ya Bridgerton mwaka 2000, na tangu Desemba 2020 tamthilia yake imetazamwa dunia nzima, Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo.

Kuna wanaoziona riwaya hizi kuwa ndoto ya ukabaila, na hoja yao ina uzito. Wanauliza: Uingereza gani hiyo yenye maduki, makabaila wa cheo cha juu kabisa, vijana, wazuri wa sura, waliojaa kila ukumbi wa dansi? Maduki wa kweli walikuwa wachache mno, na wengi hawakuwa vijana wala wazuri. Wakati hao wa kwenye riwaya wanacheza, mafundi wa nguo wa Nottinghamshire walikuwa wakivunja mitambo iliyowanyang'anya riziki, na mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga wanaovunja mitambo hiyo. Agosti 1819 askari wa farasi waliwavamia kwa mapanga maelfu ya watu waliokusanyika Manchester kudai haki ya kura. Watu zaidi ya 10 walikufa na mamia wakaumia. Hayo ni nadra kuyakuta katika riwaya za mapenzi za enzi hiyo.

Halafu kuna sukari. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yake ya Karibi, yaliyozalisha sukari hiyo, uliendelea hadi 1834. Ulipokoma, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Zililipwa kwa wamiliki. Waliotumikishwa hawakupewa kitu. Kwa hiyo msomaji Mwafrika anaposoma juu ya jumba kubwa lenye bustani na ziwa, ana haki ya kuuliza fedha ya kulijenga ilitoka wapi. Mimi huuliza, na sioni kwamba swali hilo linaniharibia kitabu.

Wanaozitetea husema msomaji anatafuta pumziko: siku imemchosha, anataka hadithi anayojua itaisha kwa harusi. Hilo ni kweli na halina aibu. Ila halitoshi. Pumziko linapatikana katika vitabu vingi, na vingi kati ya hivyo husahauliwa baada ya miaka miwili. Kinachoziweka hai riwaya za Austen, nadhani, ni kitu ambacho wanaozikejeli na wanaozipenda wote hukipita haraka: fedha.

Fungua Pride and Prejudice. Mzee Bennet ana mapato ya pauni 2,000 kwa mwaka na mabinti watano. Milki yake imefungwa kisheria ipite kwa wanaume tu, kwa hiyo siku akifa, nyumba na ardhi vinakwenda kwa ndugu wa mbali, Bwana Collins. Bwana huyo anapomposa Elizabeth, mmoja wa mabinti hao, anamwambia bayana kwamba urithi wa Elizabeth ni pauni 1,000 zenye riba ya asilimia 4, tena atazipata mama yake akishafariki. Piga hesabu: pauni 40 kwa mwaka. Elizabeth anamkataa. Baada ya siku chache rafiki yake Charlotte, mwenye miaka 27, asiye na mali wala uzuri wa kusifiwa, anamkubali, kwa sababu anataka nyumba yake mwenyewe.

Hapo ndipo ukubwa wa Austen ulipo. Elizabeth anapokataa, hakatai mchumba mchoshi tu. Anakataa paa juu ya mama yake na dada zake. Na Charlotte anapokubali, mwandishi haturuhusu tumdharau kirahisi. Mwanamke aliyeolewa wakati huo hakuwa na mali yake kisheria: alichokuwa nacho kilikuwa cha mume, na sheria za kubadili hali hiyo zilianza kupita mwaka 1870. Kuvunja ndoa kabisa kulihitaji sheria ya Bunge, njia ya matajiri tu. Kumchagua mume kulikuwa uamuzi mkubwa kuliko wote maishani, na mara nyingi ulifanywa baada ya dansi chache na matembezi mawili matatu, huku watu wakitazama.

Msomaji wa kwetu haelezwi jambo hili mara mbili. Aliyewahi kukaa chumba cha ndani akisikia washenga wakizungumza na wajomba zake ukumbini, au aliyeambiwa na shangazi kwamba kijana yule ni mzuri lakini hana mbele wala nyuma, anamwelewa Anne Elliot tangu kurasa za mwanzo. Anne alimwacha Wentworth akiwa na miaka 19 kwa kumsikiliza Bi Russell, rafiki wa marehemu mama yake, aliyemwambia kijana hana mali. Bi Russell hakuwa mwovu. Alimpenda Anne kama mwanawe, na alikosea. Wangapi wetu hatuna Bi Russell wetu?

Austen mwenyewe aliijua hesabu hiyo mwilini. Baba yake alifariki mwaka 1805, na yeye, dada yake na mama yao wakaishi kwa kutegemea ndugu, hadi kaka yake Edward, aliyekuwa amerithi mali ya jamaa matajiri, alipowapa nyumba Chawton mwaka 1809. Desemba 1802 aliposwa na kijana mwenye mali, akakubali jioni, asubuhi akakataa. Haki za Pride and Prejudice aliziuza kwa pauni 110, na barua yake inaonyesha alitamani 150.

Ndiyo maana lawama ya ukabaila naipeleka zaidi kwa wafuasi wake kuliko kwake. Heyer alichunguza enzi ile kwa bidii kubwa, mavazi, magari ya farasi na lugha ya mitaani, na mazungumzo yake yana kasi ninayoihusudu. Lakini fedha kwake mara nyingi ni pambo, na katika The Grand Sophy ya 1950 alimchora mkopeshaji Myahudi kwa chuki isiyo na udhuru. Tamthilia ya Bridgerton nayo imewapa waigizaji weusi nafasi ya uduki na umalkia. Nilifurahi kuwaona, na sitaki kuificha furaha hiyo: kwa muda mrefu mtu mweusi katika hadithi za namna hii alikuwa mtumishi, au hakuwepo. Ila inapoeleza kwamba ubaguzi ulipungua kwa sababu mfalme alimpenda mmoja wao, inajinyima kitu. Ikiondoa gharama ya kupenda, inabaki na nguo za kupendeza na mioyo isiyo na cha kupoteza.

Je, Austen ana lawama? Anayo. Mafundi wa nguo na wakulima wenye njaa hawasikiki kwake. Lakini katika Mansfield Park ya 1814 yupo Fanny Price, binti maskini aliyelelewa katika jumba la mjomba wake, Sir Thomas, mwenye mashamba Antigua. Fanny anasimulia kwamba jioni moja alimuuliza mjomba juu ya biashara ya watumwa. Alitamani kuendelea kuuliza, anasema, lakini chumba kizima kilinyamaza, na binamu zake walikaa pale bila kutamka neno.