Waosha Maiti Wameachwa Nje

Kila Ebola inapozuka Kongo au Uganda, gumzo la barazani hapa Lamu huwa lile lile: chanjo ipo? Mipaka imefungwa? Maswali ya maana, sikatai. Lakini kwa maoni yangu, tafiti zinazotuhusu zaidi sisi watu wa hapa ni zile za mazishi, na hizo sijasikia mtu akizitaja.

Ugonjwa huu ulitambuliwa 1976, Yambuku nchini Zaire ya wakati huo na Nzara nchini Sudan. Unaambukiza kwa majimaji ya mwili, na mgonjwa anapokata roho ndipo virusi vinapokuwa vimejaa mwilini. Watafiti waliochunguza mizoga ya nyani waliokufa kwa Ebola walivikuta virusi vingali hai hata siku 7 baadaye. Sasa tazama tunavyoosha sisi. Mwosha hujizungushia kitambaa mkononi, humwinua maiti kidogo, akamminya tumbo polepole ili kilichobaki kitoke, ndipo yaje maji ya mkunazi na ya kafuri. Mwosha huoshwa, tunasema, na kwa Ebola huenda zamu yake ikafika wiki ya pili.

Agosti 2014, wakati wa mlipuko mkubwa wa Afrika Magharibi, ilikadiriwa kwamba asilimia 60 ya maambukizi ya Guinea yalihusishwa na mazishi ya kienyeji. Serikali za eneo lile zikakimbilia amri. Monrovia, mji mkuu wa Liberia, kukaamriwa maiti wachomwe moto, na watu wakafanya ambalo hata sisi tungelifanya: wakaficha wagonjwa nyumbani, wakazika usiku. Mambo yalianza kulainika maimamu na wachungaji walipoitwa. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima. Kwa mwongozo huo, maiti wa Kiislamu hafanyiwi josho, anatayamamishwa (yaani kutoharishwa kwa mchanga au jiwe safi badala ya maji) juu ya mfuko wa maiti, kisha anawekewa sanda. Wala si jambo geni: mashehe wetu wa Kishafii wanasomesha miaka yote kwamba maji yakiwa na madhara, tayamamu yatosha.

Nilimuuliza bibi mmoja wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, mwosha wa miaka mingi, angefanyaje. "Mwanangu," akasema, "daktari akinambia nisimguse marehemu, nitamwona mtovu wa adabu. Shehe akinambia tayamamu, nitaitua ndoo." Mimi naona jibu hili lina thamani kuliko mabango yote ya kunawa mikono yaliyobandikwa gatini.

Watakaosema Ebola iko mbali na Lamu wakumbuke kwamba 2022 iliua watu nchini Uganda, tena ya aina ya Sudan, ambayo chanjo iliyoidhinishwa 2019 haiizuii. Wakumbuke pia kwamba ugonjwa hauui kwa virusi peke yake. Katika mlipuko ule wa Guinea, Liberia na Sierra Leone walikufa zaidi ya watu 11,300, lakini ukadirio mmoja ulisema wengine wapatao 10,600 walikufa kwa malaria, kifua kikuu na ukimwi kwa sababu huduma zilizorota. Sierra Leone ikafunga shule kwa miezi, na wasichana waliopata mimba wakakatazwa kurudi darasani hadi 2020. (Hilo la wasichana lahitaji makala yake, na hasira yake.)

Nataka idara ya afya ya kaunti iwaite mashehe na waosha, wanaume kwa wanawake, sasa hivi kabla hakujatokea jambo. Wakubaliane nani atatayamamisha, familia itasimama umbali gani, nani atasali na wapi. Na wasije na karatasi iliyokwisha andikwa Nairobi wakaomba sahihi tu. Glovu ziwekwe kwenye ghala la msikiti pamoja na jeneza na ndoo, maana hata kipindupindu, ambacho kwetu si hadithi, huambukiza kwa maiti. Gharama yake haifikii posho ya semina moja ya hotelini.