Watoto wakiigiza nje, zimeni spika

Mwaka juzi tulifanya kosa ninaloliona likirudiwa hapa Dodoma kila kiangazi, shule zinapoandaa maonyesho. Tulikodi jukwaa la vyuma, turubai, spika nne ndefu na kijana wa kupiga biti kutoka kwenye fleshi. Watoto arobaini, igizo la nyimbo la Sungura na Fisi. Michango karibu yote iliishia kwenye spika. Mavazi tukashonea viroba.

Wimbo wa pili, umeme ukakatika. Biti ilipokata watoto nao wakakata, maana miezi miwili tulikuwa tumewafundisha kuifuata biti, siyo kusikilizana. Binti aliyekuwa Twiga alibaki ameinua mkono, macho kwa kijana wa fleshi, na kijana naye anamtazama fundi wa jenereta. Dakika kumi na mbili. Nilizihesabu.

Niliona aibu, na siyo ya umeme. Hapa ni Ugogoni! Huyu Hukwe Zawose aliyezunguka dunia na zeze lake na marimba alitoka mkoa huuhuu. Kina mama wa Kigogo hubana ngoma mapajani wakapiga muheme, ngoma yao ya jadi, wengine wanaimba sauti tatu nne zinazopishana, mtu aliye ng'ambo ya korongo akasikia. Nani aliwahi kuwapa maiki?

Mwaka jana nikagoma. Kamati ikanuna, baba mmoja akasema bila spika shule itaonekana masikini. Nikamwambia pesa ya spika tuwape kina mama wawili wa mtaani wanaojua ngoma, waje mazoezini kila Jumamosi. Wakaja. Jumamosi ya kwanza mmoja alisikiliza wimbo wetu wa ufunguzi, akauliza, "Mwalimu, mbona wote wanaimba kitu kimoja?" Akawagawa makundi matatu papo hapo. Wimbo ukawa mwingine kabisa.

Mazoezi tuliyatoa darasani, na hilo ningelisisitiza kuliko yote. Darasani kuta zinamrudishia mtoto sauti yake, anajiona anasikika. Mpeleke uwanjani, sauti inaondoka hairudi.

Halafu kuna upepo. Wa kiangazi chetu huvuma zaidi kutoka mashariki, na sauti huenda nao. Kwa hiyo watoto wakae mashariki, wazazi magharibi. Ubaya ni kwamba jioni jua linawapiga watoto usoni. Tulibishana wiki nzima: jua au upepo? Mimi nilichagua kuushinda upepo. Mtoto akikunja uso bado utamsikia. Ukiipoteza sauti yake umepoteza igizo. Tukawaweka ukuta wa darasa mgongoni, ukawakinga na kuwarushia sauti mbele, na wazazi tukawakalisha chini ya miarobaini ya upande wa pili, ambayo ilikata jua kiasi. Hatukuwapanga kwa mistari. Tuliwazungusha nusu duara, kama watu wanavyoizunguka ngoma, wa mwisho akiwa hatua kumi na tano tu kutoka kwa watoto.

Muda nao: Juni jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na baridi inashuka mara moja. Tukaanza saa kumi na moja kamili, dakika hamsini, basi. Mgeni rasmi alisubiriwa dakika tano, tukaanza bila yeye (hili bado naulizwa). Vumbi tulilituliza kwa madumu sita ya maji yaliyofuliwa nguo. Kwa shida ya maji ya hapa sitamwaga maji safi chini.

Haikuwa safi yote. Sungura alisahau mistari yake mara mbili, na mara zote ngoma ilimshika, ikazunguka palepale mpaka akakumbuka. Biti ya fleshi haijui kumsubiri mtoto.

Karibu na mwisho kikaja kimbunga cha vumbi, kikamvua Fisi sura yake ya boksi na kuitupa kwa wazazi. Mtoto akasimama uso mtupu, akafikiri kidogo, akapaza sauti: "Njaa imenichukua mpaka sura!" Hiyo hatukuiandika. Vigelegele. Bibi mmoja wa mbele aliiokota ile sura, akaivaa yeye, akaanza kutikisa mabega, na hakuirudisha mpaka wimbo ulipokwisha.