Jina Kwanza, Mama, Kisa Baadaye

Mimi ni wakili, ofisi yangu iko Mombasa, na siku hizi nina jambo moja ambalo sibanduki kwalo: mtu akiingia kwangu mara ya kwanza, simwachi aanze kisa chake kabla sijajua ni nani na anazozana na nani.

Najua inaonekana utovu wa adabu. Kwetu mtu mzima hakatizwi maneno, sembuse mjane. Na mjane mmoja nilimwacha aseme. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu", akafungua bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni na kunitandazia karatasi moja moja mezani: cheti cha kifo, stakabadhi za kodi ya ardhi, barua ya marehemu mumewe. Akalia kidogo. Akanieleza kiasi ambacho angekubali kupokea ili ugomvi wa kiwanja uishe, na karatasi gani hana. Ndipo akamtaja shemejiye. Huyo shemeji alikuwa tayari mteja wangu; faili lake lilikuwa kabatini, nyuma ya kiti changu.

Maji yalikuwa yameshamwagika. Nilijua bei yake na udhaifu wake, ilhali sijapokea kwake hata shilingi.

Wenzangu wengi husema bila ada hakuna mteja. Wanakosea. Anayekuja kwa wakili hufungua moyo kwa kuamini kwamba maneno yatabaki mle chumbani, na imani hiyo haisubiri risiti. Marekani, chama cha mawakili cha ABA kina kanuni ya 1.18, iliyopitishwa mwaka 2002, inayomlinda mtu ambaye bado anatafuta wakili: hata asipokupa kazi, siri yake unaitunza. Kwetu, kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinalinda mazungumzo ya mteja na wakili wake, na Mahakama ya Rufaa katika kesi ya King Woolen Mills ilisema wajibu huo hauishi kazi inapokwisha. Mimi nasema uanze hata kabla kazi haijaanza.

Wengine hukimbilia kesi ya Rakusen ya Uingereza, ya mwaka 1912. Wakili mmoja alimsikiliza Rakusen, kisha mshirika wake wa ofisi ileile akachukua kazi ya upande wa pili, na mahakama ikaruhusu kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wateja wake na hakujua ya mwenzake. Sawa. Lakini katika ofisi zetu za vyumba viwili, karani mmoja na kabati moja, tutafichana siri vipi?

Sasa karani wangu huuliza mlangoni, au kwenye simu: jina lako, la unayezozana naye, la utani pia, mtaa, na namba ya kiwanja. Namba ya kiwanja ni muhimu mno, maana huku Pwani akina Ali Mohamed wamejaa daftarini. Dakika tano zinatosha.

Yule mama nilimrudishia karatasi zake, nikamwomba radhi, nikamwambia siwezi kuichukua kesi yake. Wiki hiyohiyo nikamwita shemejiye, nikamwambia naye atafute wakili mwingine. Mzee wa watu aliniuliza amenikosea nini. Sikuweza kumjibu, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa siri ya yule mama.