Sirius ilitangulia, ila sifa wapeni Great Western

Kila nikisoma habari za meli za mvuke za kwanza kuvuka Atlantiki nakuta Sirius ndo inapewa sifa zote eti iliwahi New York, na kweli iliwahi, tarehe 22 Aprili 1838, lakini Great Western ikaingia kesho yake tu, na yenyewe ilikuwa imeondoka siku 4 nyuma ya mwenzake! Sirius siku 18, Great Western siku 15. Sasa hapo nani kamuacha mwenzake?

Halafu Sirius wala haikujengwa kwa safari ile. Ilikuwa inapiga ruti ya London na Cork, kule Ireland, kampuni moja ikaikodi harakaharaka kwa sababu meli yao wenyewe, British Queen, ilikuwa haijaisha, wakajaza makaa ya mawe wakaondoka. Ilifika makaa yako ukingoni. Great Western ilifika na tani kama 200 bado zimo.

Hizo tani 200 ndo hoja yangu yote. Enzi zile wengi waliamini mvuke hauwezi kuvuka bahari kubwa, maana ukitaka makaa mengi lazima meli iwe kubwa, na meli ikiwa kubwa inakula makaa mengi zaidi, hamna mwisho. Brunel, injinia wa reli, akapiga hesabu akaona sio hivyo: ukikuza meli mara 2 kila upande, urefu, upana na kina, nafasi ya ndani inakua mara 8 ila sehemu inayosuguana na maji inakua mara 4 tu, kwahiyo meli kubwa makaa yanatosha na kubaki. Hesabu ya darasani kabisa! Ndo Great Western ikaundwa Bristol, Uingereza, chombo cha mwaloni cha mita 72 hivi, magurudumu ya makasia ubavuni, matanga juu.

Kinachoniuma ni kwamba safari hiyo ya kwanza ya Great Western kwenda New York ilibeba abiria 7 tu. Tarehe 31 Machi, ikiwa ndo inatoka mto Thames kurudi Bristol, moto ulizuka chumba cha boila, Brunel mwenyewe akaanguka akaumia vibaya hadi wakamshusha kwenye kisiwa cha Canvey, na habari ilivyosambaa watu 50 na zaidi wakafuta safari. Hao 7 waliopanda hivyohivyo nawaheshimu sana aisee.

Sirius ilirudi New York mara moja nyingine tu, ikarudishwa kwenye ruti zake za Ireland. Great Western iliendelea kuvusha watu Atlantiki ikiwa bado mikononi mwa kampuni iliyoijenga mpaka 1846.