Israfu ya Futari

Siku ya pili ya Ramadhani iliyopita nilimwaga nusu sufuria ya mbaazi za nazi, zimechacha. Mbaazi zile nilizichemsha kwa makaa mchana kutwa, nikazitia tui la nazi mbili nilizokuna mwenyewe. Maji nilinunua kwa kijana wa mkokoteni, mtungi wa lita 20, kwa kuwa mfereji ulikuwa mkavu. Vyote hivyo vikaishia kwenye ndoo ya taka, na roho iliniuma.

Hapa Mombasa tukitaja mazingira, mazungumzo hukimbilia plastiki. Marufuku ya mifuko ya Agosti 2017 ilituzoesha kwenda Marikiti na vikapu, na nashukuru. Lakini ndoo ya jikoni kwangu imejaa maganda ya viazi, machicha ya nazi na wali uliolala. Wala si kwangu tu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 zikitoka majumbani. Chakula hicho kikifukiwa ndani ya rundo la taka, kama lile la Mwakirunge, huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo, kilo kwa kilo, huipasha dunia joto zaidi kuliko hewa ya ukaa.

Ndiyo maana nasema tuanze na kipimo cha sufuria. Mwezi wa kufunga ndio tunaotupa zaidi: viazi karai, katlesi, tambi, kaimati, samaki wa kupaka, vyote meza moja, watu watano. Qurani, sura ya Al-Aaraf aya ya 31, inatuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu. Aya hii tunaisikia kila mwaka.

Sasa napika aina tatu. Mbaazi naziroweka wakati wa daku, na alasiri zinaiva upesi, sufuria ikiwa na mfuniko wake. Vifuu havitupwi, vinasaidia makaa. Machicha yanakwenda kwa kuku wa jirani. Taka mbichi naziweka ndoo yake, kama sheria ya taka ya 2022 inavyotaka, ingawa wanaozichukua mtaani kwetu huzichanganya tena mbele ya macho yangu. Hilo linanikera sana, na halijanifanya niache.

Mamangu hakupendezwa. “Mwanangu, mgeni akibisha hodi magharibi, utampa nini?” Nikamwambia, mama, mgeni atakula tunachokula, na kitakuwa cha moto.

Kisha tukarudia ada ya kupelekeana futari, ambayo mtaani kwetu ilikuwa imelegea. Nilimtuma binti yangu na bakuli la mbaazi nyumba ya pili. Bakuli halirudi tupu kwetu pwani. Lilirudi na kaimati. Siku ile mafuta ya kukaangia hayakutelekwa jikoni kwangu.