Iditarod: nani anaamua mbwa apumzike?

Machi 2022, dhoruba iliwakuta waendeshaji wa sleji, yaani magari ya kuteleza kwenye theluji yanayovutwa na mbwa, kwenye kipande cha mwisho cha mbio za Iditarod, jimbo la Alaska, kabla hawajafika mji wa Nome. Kadhaa walijitoa wakiwa karibu kabisa na mwisho. Watatu, Mille Porsild, Michelle Phillips na Riley Dyche, waliingiza mbwa wao ndani ya vibanda vya dharura vilivyo kando ya njia, wakajibanza nao humo hadi hali ilipotulia. Mbio zilipokwisha, wakaadhibiwa, na wawili kati yao, Porsild na Phillips, wakashushwa nafasi. Kanuni inasema mbwa haingizwi ndani ya jengo ila kwa uchunguzi au matibabu ya daktari wa mbio. Msimamizi mkuu mwenyewe alikiri kwamba kwa upande wa mbwa, Porsild na Phillips walifanya jambo sahihi. Tatizo, alieleza, ni kwamba ushindani uliathirika: mbwa waliokaa ndani wanapumzika vizuri kuliko waliobaki nje.

Sijui uamuzi mwingine unaoonyesha wazi zaidi kiini cha ugomvi kuhusu mbio hizi. Ugomvi wenyewe kwa kawaida huenda kwingine kabisa. Watetezi wanasema mbwa hawa wamezaliwa kukimbia, na kwamba kumnyima mbio ndiko kumtesa. Wapinzani, wakiongozwa na shirika la kutetea wanyama la PETA, wanasema ni ukatili uliovikwa vazi la utamaduni, na wanataja zaidi ya mbwa 150 waliokufa tangu mbio zianze. Kila upande unabishania kama mbwa anapenda au hapendi.

Kwa hilo, watetezi wako sahihi. Tazama picha za timu yoyote kabla ya kuondoka: mbwa wanaruka juu, wanabweka hadi sauti zinakauka, wanavuta sleji iliyofungwa kwenye nguzo. Hakuna fimbo inayoweza kuleta hamu ile. Ila mtu akishakubali hilo, swali gumu ndilo linaanza. Mbwa huyu amezalishwa kizazi baada ya kizazi kwa kuchaguliwa yule asiyechoka, asiyegoma, asiyesema basi. Ukimya wake hauwezi tena kuhesabiwa kuwa ridhaa. Basi mtu mwingine lazima amsemee “inatosha”, na huyo mtu ni nani, na ana maslahi gani?

Kwanza, mbio zenyewe. Ni takribani kilomita 1,600, kutoka eneo la Anchorage hadi Nome, pwani ya Bahari ya Bering, kupitia milima, mito iliyoganda na vijiji visivyofikiwa na barabara. Kila mwendeshaji huondoka na mbwa kumi na kitu, na lazima afike na wasiopungua watano wanaovuta. Wengine huachwa vituoni kwa madaktari njiani. Si mbwa wakubwa wa kutisha kama wengi tunavyodhani. Wengi wana kilo ishirini na kitu tu, machotara waliochanganywa kwa ajili ya kasi na miguu migumu, na kila mguu huvalishwa soksi ya kitambaa ili barafu isiuchane.

Watu wengi huzihusisha mbio hizi na mwaka 1925, Nome ilipokumbwa na dondakoo. Waendeshaji 20 walipokezana dawa kutoka Nenana, zaidi ya kilomita 1,000, kwa muda wa siku tano na nusu hivi. Balto, mbwa aliyeongoza kipande cha mwisho, alijengewa sanamu New York mwaka huohuo, huku Togo, aliyeongoza kipande kirefu na cha hatari zaidi akiwa na mwendeshaji Leonhard Seppala, akibaki kivulini kwa miaka mingi. Lakini mbio za leo zina chanzo kingine. Joe Redington, mwanzilishi wake, aliona pikipiki za theluji zikiingia vijijini katika miaka ya 1960 na mbwa wakitoweka uani, naye alitaka kuwapa watu sababu ya kuendelea kuwafuga. Mbio za kwanza hadi Nome zilifanyika mwaka 1973, na mshindi, Dick Wilmarth, alitumia siku 20.

Mwaka 2017 mshindi, Mitch Seavey, alitumia siku nane na saa chache. Njia ya mwaka huo ilikuwa tofauti, lakini pengo ni kubwa mno kuelezwa na njia pekee. Kilichoanza kama namna ya kuhifadhi maisha ya kijijini kimekuwa mchezo wa wataalamu, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, hoja ya utamaduni inapoanza kulegea. Utamaduni wa kusafiri na mbwa ni wa kale kweli. Kwenda Nome kwa siku nane si sehemu yake.

Sayansi nayo inatumiwa vibaya na pande zote mbili. Mtafiti Michael Davis wa Chuo Kikuu cha Oklahoma State amewachunguza mbwa hawa kwa miaka. Alionyesha kwamba baada ya siku chache za kwanza miili yao hubadilika namna ya kuchoma chakula, wakaweza kuendelea siku baada ya siku huku wakila kalori 10,000 au zaidi kwa siku. Ni mwili wa ajabu, na watetezi hawachoki kuusimulia. Yeye huyohuyo na wenzake walikuta vidonda au madhara mengine ya tumbo kwa karibu nusu ya mbwa waliochunguzwa baada ya mbio, na dalili za kuumia njia za hewa kwa takribani wanane kati ya kumi. Hayo ndiyo yanayonukuliwa na wapinzani. Ukisoma yote pamoja unapata mnyama mwenye uwezo mkubwa kuliko tunavyofikiri, anayeulipia kwa gharama isiyoonekana kwa macho. Vidonda vya tumbo havimfanyi mbwa wa aina hii aache kuvuta.

Waandaaji hawajakaa bure. Kabla ya mbio kila mbwa hupimwa damu na moyo, na kuna madaktari wa wanyama vituoni. Kuna mapumziko ya lazima: moja la saa 24 na mawili ya saa nane nane, ingawa mwendeshaji mwenye akili hupumzisha zaidi, maana timu iliyochoka haishindi kitu. Mbwa akifa, mwendeshaji kwa kawaida huondoka mashindanoni. Kati ya 2020 na 2023 hakuna mbwa aliyekufa katika mbio hizo, kisha mwaka 2024 wakafa watatu.

Halafu kuna kisa cha Dorado. Mwaka 2013 mbwa huyu aliachwa na timu yake, akawa anasubiri ndege Unalakleet pamoja na wenzake. Usiku dhoruba ikawafunika kwa theluji, na Dorado akafa kwa kukosa hewa. Baada ya hapo waandaaji walijenga sehemu za kuwahifadhi mbwa walioachwa vituoni. Somo lilieleweka: husky, mbwa wa nchi za baridi, naye huuawa na theluji. Miaka tisa baadaye, watu watatu waliowaondoa mbwa kwenye dhoruba wakaadhibiwa. Tofauti ni kwamba Dorado na wenzake walikuwa wameshatoka kwenye mashindano na hawa walikuwa bado ndani yake. Yaani ulinzi uliruhusiwa pale ambapo haugusi msimamo wa nafasi.

Nisiwapunje waendeshaji. Wengi wao hulala kidogo kuliko mbwa wao: wakifika kituoni huyeyusha theluji, hupika, hukagua miguu yote, mmoja baada ya mwingine, ndipo wajikumbuke wenyewe. Libby Riddles alishinda mwaka 1985 kwa kuingia dhorubani wenzake walipoamua kusubiri, akawa mwanamke wa kwanza kushinda. Lance Mackey alishinda mara nne mfululizo baada ya kuugua saratani. Newton Marshall alitoka Jamaika, penye joto kama Mombasa, na akafika Nome mwaka 2010. Zawadi ya mshindi, iliyokuwa dola elfu hamsini na kitu mwaka 2025, haifikii hata kidogo gharama ya kulisha banda zima mwaka mzima. Na kwa wenyeji wa asili wa Alaska mbio hizi si burudani ya wageni: John Baker alishinda mwaka 2011, Pete Kaiser mwaka 2019, na mwaka 2023 nafasi tatu za juu zote zilikwenda kwao, Ryan Redington, mjukuu wa Joe, akiwa wa kwanza.

Hapa ndipo kampeni ya kuwafukuza wafadhili inaponitia shaka. Exxon Mobil ilitangaza kujiondoa mwaka 2021, na wengine waliitangulia. Washiriki walikuwa 96 mwaka 2008. Mwaka 2023 walikuwa 33. Fedha zikikauka, anayetangulia kushindwa ni mwenye banda dogo kijijini. Mwenye biashara ya kubeba watalii anabaki. Na biashara hiyo si salama zaidi kwa mbwa: mwaka 2010 huko Whistler, Kanada, zaidi ya mbwa 50 wa sleji za watalii waliuawa na kuzikwa biashara iliposhuka. Hao hawakuwa wa mashindano, na si haki kuwabebesha Iditarod damu yao. Ila wanaonyesha swali ambalo hesabu ya vifo vya mbioni haijibu: mbwa asiyeingia kwenye timu, au aliyezeeka, anaishia wapi? Banda la mashindano linaweza kuwa na mbwa makumi kadhaa, wengi kwenye minyororo, kila mmoja na kibanda chake. Mbio ni siku kumi. Mnyororo ni mwaka mzima.

Hali ya hewa pia inaweza kuamua kabla ya wote. Mwaka 2016 theluji ililetwa Anchorage kwa treni ili mbio zizinduliwe, na mara kadhaa, ikiwemo 2025, mwanzo rasmi umehamishiwa Fairbanks kwa sababu njia ya kawaida haikuwa na theluji ya kutosha.

Mimi siungi mkono kuzipiga marufuku. Ningeanza na kanuni ya vibanda: dhorubani, kila mwendeshaji aruhusiwe kuingiza mbwa, na saa alizokaa humo zihesabiwe kwa namna isiyompa faida. Pili, mapumziko ya lazima yaongezwe mpaka ujanja wa kupunguza usingizi wa mbwa usiwe tena njia ya kushinda. Rekodi ya siku nane itabaki milele haijavunjwa, na sioni hasara. Tatu, anayetaka kujiandikisha afungue banda lake likaguliwe wakati wa kiangazi, na atoe hesabu ya kila mbwa aliyemzalisha. Hili la tatu ndilo litakalopingwa zaidi.